Msimletee Baba Chai

Wanangu,

Msishtuke kukuta kitanda hakijatandikwa. Baba yenu yuko hospitali, wodi ya juu, na yuko hai. Nimepita kuchukua shuka na kandambili zake, narudi huko sasa hivi. Mteja wa sare akija, mwambieni fundi anapumzika.

Asubuhi alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Mkono wa kulia ukashuka wenyewe, taratibu, kama wa mtu anayesinzia. Nikamwuliza, "Fundi, vipi?" Mdomo ukaenda upande, maneno yakatoka mazito. Sikusubiri. Jirani akawasha gari, tukaondoka.

Daktari anasema ni kiharusi: damu imeganda, ikaziba mshipa wa ubongo. Sehemu ndogo imekufa, ila inayoizunguka imezimia tu, na hiyo ndiyo wanayoipigania. Wamemchoma dawa ya kuyeyusha damu. Vidole vimeanza kucheza. Sasa wanamlinda asipate homa, sukari isipande, presha isiyumbe.

Kwa hiyo msimletee chai wala uji, hata akiwaomba kwa macho. Bado hawajampima kama anameza vizuri. Kinywaji kikimpalia kitaingia mapafuni.

~~Msije leo.~~ Njooni, ila mmoja mmoja, na mseme polepole. Kitinda mimba asilie mbele yake, alie kwangu.

Maneno yake yanaelea. Taa ameiita mwezi, dirisha ameliita mto, na nesi anamsahihisha kwa upole. Mimi ameniita bibi harusi.

Hilo msimsahihishe.

Mama yenu