Maandishi ya Mama kwenye Boti

Yolande mwanangu,

Maharage yako kwenye sufuria, yapashe moto tu. Usiguse ile ndoo ya gundi uani, inaunguza mikono.

Asubuhi uliniuliza kwa kilio, "Papa, kwa nini umefuta maandishi ya Mama?" Sikukusudia. Nilikuwa napiga msasa boti. Niliambiwa dukani niondoe rangi yote kuukuu ndipo nizibe nyufa, na kazi hii ndiyo kwanza najifunza. Vumbi lilitanda, sikuona kama nimefika kwenye jina lako, alilolichora Mama kwa mkono wake kabla hajaugua. Nilipopangusa, halikuwepo tena.

~~Jumamosi naiuza.~~ Siiuzi tena boti.

Nimekwenda kazini Midrand. Ulipotoka kwenda shule nililia pia, mwanangu, nimeegemea ile boti.

Papa