Kiungo Alichokiacha Shemeji Yako

Nyumba za Wafanyakazi, Mlango Na. 6
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie. Goti linaendeleaje? Usiniambie unapanda ngazi kufuta madirisha, maana nakujua. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umegoma.

Umeuliza sana mbona siji kwako tangu tumzike shemeji yako. Ni kazi iliyonishika, ila si kama unavyodhani.

Pale maabara tunachukua waya mwembamba wa niobi, madini ambayo yakipozwa mno hupitisha umeme bila kizuizi chochote. Tunauvuta polepole mpaka pande zake mbili zinabaki zimeshikana kwa kiungo cha atomu moja tu. Kisha tunaingiza haidrojeni kidogo. Molekuli moja ikijipenyeza pale katikati, umeme hubadilika na mstari kwenye skrini hupinda. Shemeji yako alikuwa akisema, "Mgeni keshakaa, msimbughudhi."

Kiungo cha mwisho alikitengeneza yeye, wiki ile ile aliyoanguka akafariki. Nikakilinda kama yai. Wenzangu wakigusia kuzima mtambo wa kupozea, nawaka. Joto likiingia, gesi hutoka na atomu huhama. Utatengeneza kingine, lakini hicho hukipati tena. Mstari ule ulipokuwa bado umepinda, nilijiona niko naye kazini.

Alhamisi bosi wetu, tunayemwita Bwana Kipimo kwa ubahili wake, alivuta kiti akakaa karibu nami.

"Mama, heliamu ya kupozea imekwisha. Nenda nyumbani, sisi tutazima."

Nikamwambia nitazima mwenyewe. Nikazima. Mstari ulitetemeka, ukaruka, ukalala chini kabisa.

Wanasema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kwetu mambo yalienda kinyume, Dada. Mazishini mlilia ninyi, mimi nikihangaika na viti vya wageni. Alhamisi ndiyo nililia, na yule bahili akanishikia kikombe cha maji mpaka nikanyamaza.

Nisalimie shemeji fundi cherehani, watoto, na shangazi ambaye nasikia bado anagombana na redio. Mungu akulinde, akupe afya, na hilo goti alitazame kwa huruma.

Jumamosi nakuja. Huku sina tena cha kulinda.

Akupendaye tangu ulipokuwa ukinibeba mgongoni,
Mdogo wako