Pikipiki ya Bakari Imewaka

Chanika, Dar es Salaam

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Naomba Mungu karatasi hii ikukute umesharudi shambani na mama amekunywa dawa yake. Magoti yake yanasemaje siku hizi? Mie huku nakula na nafanya kazi, ila mvua imetuachia tope mpaka mlangoni pa karakana na usingizi umenikimbia. Nimeamua kuandika kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu. Ukifika mbele utaelewa kwa nini.

Kwanza nikiri. Siku tulipomzika mdogo wetu Bakari, mama aliniuliza mbele yako kama pikipiki yake ilikuwa mbovu. Nilimjibu sijui, sikuigusa. Nilidanganya, dada. Asubuhi ya siku ileile aliyogongwa aliileta kwangu ikiwa inakohoa. Nikafungua kabureta, nikaisafisha harakaharaka huku nabishana na mteja habari za mpira. Yeye mwenyewe akaipiga kiki, ikawaka, akagonga tangi mara mbili kwa kiganja kama ilivyokuwa kawaida yake, akaondoka. Mchana nikaletewa habari. Watu wa barabarani walisema pikipiki ilimzimikia, lori la fuso likamkuta hapohapo. Na fundi wake ni mimi.

Kwa hiyo kwenye arobaini, baba mkubwa aliposema pikipiki irudi nyumbani ikiwa inatembea, nilikubali upesi kuliko wote. Mlidhani ni mapenzi kwa marehemu. Kweli, lakini pia nilitaka kuujua ubovu wenyewe. Kama ni kabureta, basi nimemuua ndugu yangu kwa mikono hii.

Unaikumbuka: ile ndefu ya matairi ya meno, ya kupita kwenye tope na mchanga, injini yake ndogo kama sufuria ya uji. Haikuumia sana, usukani tu umepinda na taa moja imepasuka. Kwa pikipiki iliyokutana na fuso, hilo peke yake lingenifungua macho, lakini sikutaka kufikiri. Niliipiga kiki mpaka unyayo ukavimba. Kimya. Nikafungua kabureta: safi, hata chembe ya mchanga hamna. Sikuamini, nikaiosha tena. Petroli inafika. Nikatoa plagi nikaziba tundu lake kwa kidole gumba, nikapiga kiki, pumzi ikakisukuma kidole vizuri tu. Nikaigusisha plagi kwenye chuma kuangalia cheche. Hakuna moto. Nikafunga plagi mpya, hakuna. Koili mpya, hakuna. Nikafuatilia nyaya zote za mbele, nzima.

Wiki tatu, dada. Kila asubuhi kabla ya kugusa kazi ya mtu naipiga kiki kwanza. Wateja wengine wakawa hawataki pikipiki zao ziegeshwe karibu nayo. Mama wa jirani akaja na chetezo cha ubani akaifukiza bila kuniuliza, nikamwacha. Maana hata mimi, nikiinama pale namsikia Bakari nyuma yangu, sauti yake ileile ya haraka: "Kaka, vipi, imepona?" Nageuka, hakuna mtu. Nimeacha kugeuka, lakini sauti haijaacha kuja. Naogopa, sikufichi.

Jumanne akapita Mwarami, dereva wa bodaboda mwenzake Bakari pale kijiweni, akanikuta nimekaa chini na bisibisi mkononi.

"Braza, bado tu? Siri umeiwasha?"

"Siri gani?"

Akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. "Hakukwambia? Tuliwekaga wote siku moja, kwa fundi mmoja kule Vingunguti, kisa wezi. Nyie mafundi wenyewe ndo hamwambiwagi."

Akaingiza vidole chini ya kiti, upande wa kushoto, kule ndani kabisa. Nikasikia *ta*. Kumbe walificha swichi inayokata moto, na mimi fundi mzima nimezunguka mbele wiki tatu.

"Ilikuwa imezimwa," akasema. "Si unamjua Bakari, hata akishuka kununua vocha lazima aizime. Akiwa juu ya pikipiki huwezi kuifikia, mpaka ushuke."

Nikapiga kiki moja tu. Ikawaka, dada. Ikanguruma kama siku ya kwanza, na Mwarami akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta.

Haikumzimikia. Aliisimamisha mwenyewe pembeni, akashuka, akaizima. Na ninajua kwa nini alishuka. Simu yake ilikutwa mchangani, mbali na mfuko wake, nami siku zote nilidhani imerushwa na kishindo. Mimi ndiye niliyemfundisha tangu anajifunza kuendesha: ukipigiwa simu usipokee ukiwa juu, simama, zima, shuka, ndipo upokee. Alinisikiliza kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote. Na mchana ule aliyempigia ni mimi. Iliita mpaka ikakata. Nilitaka anipitishie chapati mbili.

Sikuizima injini. Niliiacha ingurume palepale uani mpaka petroli ikaisha yenyewe.

Mwambie mama nilimdanganya. Mwambie pia pikipiki haikuwa mbovu. La chapati lipime mwenyewe, dada, mie nimeshindwa kujua kama ni haki yake kulijua au ni mzigo tu. Nikija nitamwangukia miguuni, hata akinifukuza.

Mpe shikamoo yangu, na baba mkubwa, na shangazi wa kisimani. Shemeji msalimie, mwambie panga lake nimeshalinoa. Mjane wa Bakari mwambie simsahau, ila sijui nimtazame vipi.

Pikipiki inapanda basi Ijumaa. Binamu Saidi ataipokea stendi na kuiendesha mpaka nyumbani. Swichi nimemwelekeza. Nakuomba jambo moja, nalo uwaambie wote hapo nyumbani: hata akichelewa, hata jua likizama, mtu yeyote asimpigie simu. Mwacheni afike.

Mdogo wako,
Hamisi