Mama, Usikibomoe Kinara cha Redio

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Nguo usianike kwenye ule waya mwembamba wa uani, ndio antena yako. Na kwa heshima na taadhima, weka bisibisi chini. Kinara chako kizima kabisa, kinarusha ishara hewani kama kawaida.

Asubuhi Mjomba alipopiga simu akasema, "Dada, herufi zako sijazisikia. Kuna mwehu mmoja tu anatangaza jogoo asiyewika," mwehu huyo alikuwa mbele yako, anapaka mkate siagi. Uliponipa kazi ya kuingiza kwenye kinara herufi zako za utambulisho kwa nukta na vistari vya Morse, niliingiza maneno "jogoo hawiki". ~~Shetani alinipitia.~~ Hapana, shetani hakuwepo. Nilikuwa peke yangu na nilicheka sana.

Nilidhani nawe utacheka. Lakini ulivitazama vidole vyako, vinavyotetemeka tangu uugue, ukasema, "Basi. Mikono imekwisha." Nami nikaendelea kutafuna.

Mama, ulitoa kifaa cha kuzalisha mawimbi kwenye mashine mbovu ukakilehemu upya mwenyewe. Nguvu yake haifiki hata ya balbu ya tochi, na bado mawimbi yake yamevuka mlima. Jogoo yule alifika kwa Mjomba kwa kazi ya mikono yako.

Herufi zako nimezirudisha. Nimechukua baiskeli kwenda kumweleza Mjomba ana kwa ana. Akitaka kunivuta masikio, nimeyaosha. Saa sita mchana washa swichi ya kinara, ukae karibu na simu. Nitakuwa nimeshamkalisha mbele ya redio yake, akupigie akizisikia herufi zako.

Mwanao (bado, natumaini)