Tiki ya Kijani kwa Ziwa Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Hapa hasomi mtu, basi niseme ukweli wangu: hakuna binadamu anayeyajua maziwa ya milimani kunishinda mimi. Arobaini na moja nimeyamaliza, kiatu hakijashika vumbi. Maprofesa wapande wakichubuka magoti — mimi, niliyeishia kidato cha pili, napanda kwa kidole kimoja, chai mkono wa pili.

Kazi yenyewe: watu wanaandika mtandaoni kwamba ziwa fulani maji yake ni ya buluu, njia ni ya saa mbili, mtoto anaogelea. Ofisi yetu, vyumba viwili juu ya duka la betri, inahakiki. Kanuni ya bosi wetu, Miwani: kila dai lipate mashahidi wawili, na mmoja wao awe amefika kwa miguu yake. Likipita, tiki ya kijani. Likifeli, nyekundu. Na anayebonyeza ni mimi.

Leo nimeliangusha ziwa lililojidai lina flamingo. Nimeikuza picha — ndege wana mshono wa plastiki shingoni! Nimecheka mpaka Miwani akagonga ukuta.

Jumatano, 5 Machi
Ziwa Kumi na Saba. (Tunayaita kwa namba, majina yanachanganya.) Dai: njia ya chini, inayopita ukingoni mwa maji chini ya jabali, inapitika mwaka mzima. Mlinzi wa kibanda cha huko nimempigia mara tatu. Hapatikani. Nikapekua tovuti. Nne zinasema inapitika! Mashahidi wanatakiwa wawili, mimi ninao wanne. Tiki. Dakika kumi na moja, rekodi yangu mpya.

Ila picha za ziwa hilo sikuzipenda. Maji meusi kama lami, yametulia mno. Picha sita, hakuna hata moja yenye mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimezirudia zile tovuti nne. Zote zimeandika: "hata bibi yako anapita na kandambili." Neno kwa neno. Na maneno hayo ni yangu! Mwaka jana, wiki yangu ya kwanza kazini, Miwani alinipa nijaze maelezo ya ziwa hilo. Kuhusu njia sikuwa na la kusema, nikatunga. Wenzetu wakanakili. Kwa hiyo jana nimeleta mashahidi wanne, na wote wanne ni mimi.

Nikacheka peke yangu. Kisha kicheko kikaisha.

Kuiondoa tiki lazima nimwandikie Miwani sababu. Nimwandikie nini — bosi, nilitunga? Nitaiondoa Jumatatu, nikishampata mlinzi. Nani ataenda huko wiki hii?

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudi nyumbani nimemkuta dada anafunga begi. Yeye na rafiki yake nesi wamepata mapumziko ya siku mbili. Nikauliza safari ya wapi. Akanionyesha simu. Kumi na Saba. Na tiki yangu hiyo hapo, kijani kibichi.

Akamwambia mama kwamba alikuwa ananiona mpuuzi, kumbe mdogo wake anafanya kazi ya maana, watu wanasafiri kwa neno lake. Tangu nizaliwe dada hajawahi kunisifu. Mama akaniongezea chakula.

Nikafungua mdomo niseme. Nikatia tonge.

Nilichoweza ni kumwambia avae buti. Akanidhihaki: si uliandika hata bibi anapita na kandambili? Bibi anatushinda?

Jumamosi, 8 Machi
Wameondoka na basi la alfajiri. Huku jua kali. Lakini kwenye ramani ya hali ya hewa kuna doa la zambarau limekaa juu ya mlima ule tangu mwanzo wa wiki, halisogei. Nimeliangalia asubuhi nzima. Mlinzi bado hapatikani.

Saa saba mchana dada amepiga. Wamefika kibandani. Anasema ziwa ni kubwa kuliko lilivyo kwenye picha, na halina sauti, hata ndege hakuna. Tumeongea kidogo tu. Wakimaliza kulizunguka atapiga, saa kumi na moja hivi.

Sasa saa kumi na mbili na robo. Labda chaji.

Jumapili, 9 Machi
Simu ya dada haipatikani. Ya nesi haipatikani. Mama amekaa mlangoni, simu yake kaishika kwa mikono miwili kama kifaranga.

Saa nne ikaita. Nikaipokea mimi. Ni mlinzi — simu yake imekufa wiki nzima, ameazima ya waokoaji, namba yetu ameikuta kwenye begi la dada. Mabegi yote mawili yako kibandani, makavu. Anasema njia ya chini imefunikwa na maji tangu Jumanne. Aliwaelekeza wapite juu. Mmoja akapiga simu mahali, akaongea kidogo, wakashuka chini. Waokoaji wanatafuta tangu kulipokucha. Wamepata buti moja.

Akaniuliza kama najua walimpigia nani. Nikasema sijui.

Nimempigia Miwani nikamweleza habari ya zile tovuti nne. Hakufoka. Amesema mitandao inanakiliana, makosa ya hivyo yanatokea, atasimama nami. Mama anasema ni mvua. Kila mtu ananifungulia mlango wa kutokea.

Lakini jana sikuandika yote. Dada hakupiga kunisimulia ziwa. Alipiga kuuliza.

"Mdogo wangu, mzee wa hapa anatukataza njia ya chini, maji yamepanda. Wewe ndiye unayejua. Tumsikilize?"

Nilikuwa najua tangu Alhamisi. Na nesi alikuwa pembeni anasikiliza, nilimsikia akicheka.

Nikasema, "Huyo mzee mwoga, dada. Nimehakiki mwenyewe. Piteni chini."