Rais Aliyeacha Kiti, na Mwiko wa Bi Zuhura

Mjukuu wangu Rehema,

Pokea salamu za Alexandria, huku Marekani. Sisi wazima. Mama yako sasa ni nesi mkuu wa wodi, na msikitini nimeshawaambia wote, hata wasiouliza.

Umeuliza kwa nini rais wa kwanza wa Marekani aliacha kiti na watu bado wanamtaka. Vitabu sijasoma vingi, ila jambo hilo nililiona Tanga usichanani.

Bi Zuhura ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa harusi zetu. Siku moja, pilau ikiwa motoni, alinikabidhi mwiko mbele ya watu, akaenda kuketi mkekani na wageni. Punde nikasikia harufu ya kuungua.

"Bi Zuhura, njoo, wali unaharibika!"

"Mpishi ni wewe, mwanangu. Mimi nangoja kula."

Nikatoa kuni, nikapalia makaa juu ya mfuniko. Pilau ile, nakwambia, watu walikomba masinia.

Kutoa mwiko si kazi. Kazi ni kukaa pale mkekani, harufu inakufikia, usinyanyuke. Nadhani rais wako naye alikaa hivyo shambani kwake, hapa kando ya mto Potomac, habari za serikali zikimfikia.

Bi Zuhura alionja, akasema chumvi imezidi kidogo, akaomba aongezewe pilau.

Mungu akulinde, mwanangu.

Bibi yako