Bido za Maji Mgongoni mwa Askari wa Bienfait

Mpendwa mshauri Mukandoli,

Mimi si mutu wa kulialia batu, uliza yeyote hapa kambini Kashojwa atakuambia Mama Bienfait ni nani, lakini leo naomba unisaidie, kwa sababu mutoto wangu amenikasirikia na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia kuku wa jirani wakikwaruza ukuta.

Huyo mutoto ni Bienfait, ni mwanaume mukubwa sasa, anatengeneza telefoni kule Mbarara, na nikisema anatengeneza usifikiri ni kama bale ba kubadilisha betri tu, hapana, telefoni iliyoanguka mumaji yeye anaifufua, na mikono hiyo aliitoa kwangu, maana mimi kule kwetu Fizi kabla ya vita nilishonea nguo korali nzima ya kanisa na hakuna mushono wangu uliowahi kufumuka. Sasa huko Mbarara kuna kikundi cha vijana, bengine ba chuo bengine ba kazi, banachezaka muchezo wa vita juu ya meza, na askari badogo ba plastiki, mumoja urefu wake kama kidole gumba, kila mutu anakuja na kikosi chake, banapima njia kwa rula, banatupa dadu, anayepigwa anatolewa mezani. Mwanzo sikupenda. Nilimuuliza, Bienfait, vita tuliikimbia na miguu, wewe unaifuata na nauli? Akacheka sana, akasema, mama, hii vita jioni bale balikufa bote banarudi mu karton.

Na kusema kweli nilipoona kazi yake nikaanza kujivuna. Askari bale banatoka kiwandani sura moja, lakini mutoto wangu anabakata vichwa na wembe, anabageuza shingo, anabatengenezea mukanda na mukuki kwa nyaya za telefoni zilizokufa, anabapaka rangi mpaka unasema huyu namujua, huyu anatembea kama mujomba wangu. Na kuna sheria, alinieleza vizuri kabisa, nami nilimaliza la sita, nikisikia nasikia: sura, nguo na kusimama unabadilisha unavyotaka, lakini silaha hapana, silaha ni zile kitabu cha muchezo kimempa huyo askari, na kile mupinzani wako anaona mumwili wake ndicho kinahesabiwa kuwa anacho. Nilisema ndiyo, ni haki, mutu asifiche kisu.

Basi mvua zikaanza, chumba chake cha kupanga kinavuja, akaniletea kikosi chote kukitunza mpaka siku ya mashindano kule Biharwe. Nikabapanga juu ya meza. Mushauri, nikuambie ukweli, binti yangu Nathalie yuko Canada na bwana wake, Bienfait yuko Mbarara, mimi bado napika ugali wa batu babili kwa sababu mukono umezoea, na asubuhi nikaanza kubasalimia bale badogo. Nilikuwa nakula na bo. Nilibauliza habari ya usingizi. Usinicheke.

Sasa siku moja nabaangalia hivi, nikaona kitu. Wote wamebeba mikuki na bunduki, wanakwenda mbali, na hakuna hata mumoja mwenye blanketi. Hakuna sufuria. Batu ba namna gani hao? Nikachukua vipande vya kitenge nikabakunjia blanketi za mugongo, sufuria nikazifinyanga kwa ile karatasi ya kung'aa ya vidonge, nikanunua gundi yangu mwenyewe, na kila mumoja nikampa bido ya maji, dumu dogo la njano, niliyoikata mu bido kuukuu na kuilainisha kwa kisu cha moto, ina mushikio, ina kifuniko, hata fundi wa Ulaya hawezi, kwa sababu sisi tulipotoka Fizi tulibeba sufuria na blanketi lakini bido tuliisahau, na baba yao Appolinaire akarudi kuichukua, akasema nendeni nitabakuta mbele, na hakutukuta, na sufuria nilizifanya za aina mbili, za kifuniko na zisizo na kifuniko, zimependeza sana.

Nikafunga karton, nikampa Mihigo wa boda aifikishe Biharwe, kwa sababu Bienfait alikuwa anatokea kazini moja kwa moja. Nilitaka afungue mbele ya batu ashangae. Alifungua mbele ya batu. Balicheka ukumbi muzima, na muamuzi akasema hicho kikosi hakiwezi kucheza, eti kila askari amebeba mutungi wa moto. Mutoto wangu alikaa kwenye kiti siku nzima kuangalia bengine banacheza.

Akanipigia. Hakunisalimia. Akasema, "Mama, nani alikutuma ubaguse?"

Nami nikamujibu, "Nani anatembea bila maji?"

Akakata. Tangu hapo hajakuja, na alikuwa akija kila posho, chakula cha kambi, inapotolewa, ananibebea gunia toka Base Camp kule banagawia, sasa nalibeba mwenyewe na batu banaona. Nikipiga anasema niko na kazi mama. Juzi Mihigo ameniletea ile karton, na neno moja: nitoe vile nilivyobandika, kisha niirudishe. Haikuja na salamu. Mama Anne jirani anasema vijana ba mujini ndivyo walivyo, nisitoe kitu, nisubiri aje apige magoti. Mimi nimeshika wembe mara mingi. Sufuria naweza. Bido mukono unakataa.

Niambie mushauri, nitoe au nisitoe? Na jina langu uandike kabisa, sina deni na mutu.

Mama Bienfait, Kashojwa

*

Mama Bienfait,

Pole mama. Sikucheki kwa kula na askari wa plastiki. Ningekuwa kwenye nyumba hiyo, nami ningewasalimia.

Sasa nikugombeze. Mtoto alikueleza sheria, ukasema umesikia, kisha ukafanya ulivyotaka. Kazi ya mtu haiguswi bila kumwuliza, hata kama mtu huyo umemzaa. Enzi zako za Fizi, je, mwanakwaya angechukua gauni ulilomaliza akaliongezea mifuko bila kukuambia, na Jumapili watu wakalicheka kanisani, ungemwitikia simu kwa furaha? Usinijibu. Najua ungemfanya nini.

Mama Anne usimsikilize. Watoto wake wanalala nyumbani kwake.

Kuhusu sheria, sikutaka kubahatisha, nikamtafuta yule mwamuzi wa Biharwe. Anaitwa Nehemiya, ni mpole kuliko unavyomfikiria. Amenieleza hivi: katika mchezo wao, chombo kama kile kikiwa mgongoni ni mtungi wa kurushia moto, na kikosi kizima kinaruhusiwa askari mmoja tu wa kuubeba. Wako wote walikuwa nao. Mpinzani angejuaje yupi anachoma na yupi ana kiu? Ndiyo maana aliwakataa, si kwa dharau. Blanketi na sufuria hazina kosa, hizo ni mapambo, zibaki. Akaniambia pia kwamba watu walipomaliza kucheka walizipitisha mkono kwa mkono, na mmoja akauliza nani kazifanya. Bienfait alisema ni mama yangu. Alisema hivyo akiwa amekasirika, lakini hakukukana.

Na bido? Mgongoni hapana. Chini inaruhusiwa. Kila askari amesimama kwenye kisahani chake, na kitu kilichowekwa kwenye kisahani kando ya mguu hakihesabiwi silaha, ni sehemu ya ardhi. Kwa hiyo bido inaweza kusimama pale. Nehemiya amekubali.

Lakini mama, wewe hukuniandikia kwa ajili ya kisahani.

Umetaja habari ya baba yake Bienfait katikati ya sufuria mbili, kisha ukakimbilia vifuniko. Nimeisoma mara tatu. Huyo mtoto anajua kwamba baba alibaki njiani. Anajua alirudia nini? Nadhani hajui. Angejua, asingekuuliza nani alikutuma. Ulipomjibu nani anatembea bila maji, wewe ulikuwa unamlilia mume, yeye alisikia mama anamfanyia mzaha baada ya kuaibishwa mbele ya wenzake. Mmekaa na jambo hili nyumba moja miaka yote, wewe unalijua peke yako, na sasa unashangaa nyumba iko kimya.

Fanya hivi. Wembe uweke chini, usiguse tena kitu mule ndani. Mihigo ni kijana mwema, lakini karton hii usimpe mtu. Ibebe mwenyewe mpaka Mbarara. Usifike dukani mchana ukaanza kuwaeleza wateja kwamba mwanao anafufua simu. Nakujua kwa barua moja tu, na najua utatamani. Subiri afunge. Mwambie kwanza, "Nilikosa, niligusa kazi yako." Useme hayo tu, usiongeze "lakini". Halafu mweleze habari ya bido ya Fizi, tangu mlipotoka mpaka baba aliposema nendeni. Usiipambe. Akitaka kuondoka kidogo nje, mwache aende, atarudi, karton yake iko kwako. Bido mzitoe pamoja, yeye ashike wembe, wewe ushike askari. Ipi ibaki kwenye kisahani na ipi isibaki, aamue yeye. Kikosi ni chake.

Kuhusu jina, umesema niandike. Nitaandika. Ila jibu hili nakutumia kwanza kwa mkono, kwa sababu sitaki Bienfait asome gazetini kile alichorudia baba yake. Barua yako na jibu langu vitakaa ndani ya droo yangu mpaka unipigie kuniambia umeshamweleza. Usiponipigia, havitatoka kamwe, na sitakulaumu. Siku wasomaji wengine watakapovisoma hapa, watajua kwamba ulikwenda.

Mukandoli